Mshipa wa shingo umechanika, mbona daktari hataki kupasua?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41, ni dereva wa lori. Wiki iliyopita alikwenda kunyoa, na baada ya kunyolewa kijana wa saluni akamkanda mabega, kisha akamzungusha shingo kwa nguvu mpaka ikalia. Kesho yake aliamka na maumivu makali ya shingo upande wa kushoto, na kope ya jicho la kushoto imelegea. Siku mbili baadaye mkono wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito kwa karibu nusu saa, halafu akarudi kawaida. CT ya mishipa ya damu imeonyesha kwamba mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, umechanika. Amelazwa, anapewa aspirini na klopidogreli, na daktari wake anasema hakuna haja ya upasuaji. Ukoo umeanza kuchanga ili apelekwe India. Tunaomba utusaidie: kitu kilichochanika kinashonwaje kwa vidonge? (Dada wa mgonjwa, Mwanza)

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana. Kwa haya uliyoyaeleza, nakubaliana na daktari wake: kaka yako asipasuliwe sasa. Mchango msiuvunje, maana dereva asiyeshika usukani kwa miezi kadhaa bado ana watoto wanaokula, na vipimo vya marudio navyo vina bei. Ila fedha hiyo isikimbilie tiketi ya ndege. Mimi ni mpasuaji wa mishipa ya damu, kisu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo usidhani nakikwepa.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una matabaka matatu, na kilichochanika kwa kaka yako ni tabaka la ndani, lile linalogusana na damu. Fikiria koti lenye bitana. Bitana ikifumuka, mkono unaopita humo huingia katikati ya bitana na kitambaa, na koti kwa nje linabaki zima. Damu nayo imepenya katikati ya matabaka, ikayatenganisha na kujaa humo, na ukuta uliovimba ukabana njia ya damu kwa ndani. Hapa hofu yetu kubwa kwa kawaida si damu kumwagika shingoni. Hofu ni kwamba pale palipochanika pana kidonda, na damu ikigusa kidonda huganda. Kipande cha damu iliyoganda kikimeguka, safari yake ni moja tu, kwenda kwenye ubongo. Ile nusu saa ya mkono kufa ganzi na ulimi kuwa mzito ilikuwa kipande kidogo kilichoziba mahali upande wa kushoto wa ubongo, unaoendesha mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi pia. Kikayeyuka chenyewe, tumshukuru Mungu.

Kwa hiyo vidonge havishoni. Vinazuia mabonge mapya ya damu yasijengeke wakati mwili wenyewe unanyonya ile damu iliyonaswa ukutani na bitana inarudi kugandamana mahali pake. Kazi hiyo huchukua wiki hadi miezi. Wagonjwa wengi ambao mshipa umebanwa tu, tukiwapiga picha tena baada ya miezi mitatu hadi sita tunakuta njia imefunguka, wakati mwingine kiasi kwamba huwezi kujua palikuwa na tatizo.

Kuhusu kope, najua inawatisha kuliko yote kwa sababu ndiyo inayoonekana. Juu ya ukuta wa ateri ya karotidi, ndio huo mshipa wake mkubwa wa shingo, kuna nyuzi nyembamba za neva zinazopanda kwenda kwenye jicho. Ukuta ukivimba, nyuzi hizo hubanwa; kope hushuka kidogo na mboni ya jicho hilo huwa ndogo kuliko ya upande wa pili. Kope hiyo haina maana kwamba ubongo umeumia. Inaweza kuchukua muda mrefu kurudi, na kwa wengine hairudi yote. Isiwe sababu ya kudai upasuaji.

Sasa, ushahidi. Kwa miaka mingi madaktari walibishana ni dawa ipi bora, zile zinazozuia chembe sahani, chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikane, kama aspirini na klopidogreli, au zile nzito zaidi za kuzuia damu kuganda, kama hepari na warfarini. Utafiti ulioitwa CADISS, uliofanyika Uingereza na Australia na kutoa matokeo mwaka 2015, uligawa kwa bahati nasibu wagonjwa 250 walioingizwa ndani ya siku 7 tangu dalili zianze. Katika miezi mitatu iliyofuata ni wanne tu kati ya wote waliopata kiharusi kipya: watatu upande wa dawa za aina ya aspirini, mmoja upande wa warfarini. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuamua mshindi. Mwaka 2021 utafiti mwingine, TREAT-CAD, wa wagonjwa 194 wa Uswisi, Ujerumani na Denmark, ulishindwa kuthibitisha kwamba aspirini peke yake inatosha sawa na warfarini. Viharusi vyote 7 vya kuziba mshipa vilitokea upande wa aspirini. Ndiyo maana leo ukikutana na daktari anayechagua warfarini au wenzake wapya kwa mgonjwa mwenye bonge linaloonekana ndani ya mshipa, au mshipa uliobanwa sana, usishangae. Kaka yako anapewa dawa mbili pamoja, njia inayotumika sana kwa mtu aliyepata shambulio dogo la kupita. Baada ya wiki chache kwa kawaida moja huondolewa, nyingine ikaendelea. Mambo hayo mnaweza kumuuliza daktari wake bila kumgombeza.

Usipite haraka juu ya hiyo hesabu ya wanne katika 250, kwani ndiyo inayomzuia mpasuaji kushika kisu. Dawa zikiwa zimeshusha hatari kiasi hicho, operesheni yoyote ninayompa mgonjwa lazima iwe salama kuliko hapo. Na operesheni ya wazi ya shingo kwa tatizo hili haiko salama kiasi hicho hata kidogo.

Kinacholeta shida ni mahali. Wengi wamesikia kwamba wazee wenye mafuta yaliyoganda kwenye mshipa wa shingo hupasuliwa na mshipa kusafishwa. Ni kweli, lakini mafuta yale hukaa pale karotidi inapogawanyika njia mbili, katikati ya shingo, mahali mkono unafika vizuri. Mchaniko wa aina ya kaka yako kwa kawaida huanza sentimita mbili au zaidi juu ya hapo na kupanda kuelekea chini ya fuvu. Huko taya limekaa mbele. Wakati mwingine hulazimu kulisogeza kwa nguvu ili kupata nafasi. Na katika kanafasi hako kanapita neva za heshima: ya vagasi inayoendesha nyuzi za sauti na kumeza, ya ulimi, ya koo, na tawi la neva ya uso. Ukizivuta tu zinalalamika. Juu ya hayo, lazima damu isimamishwe kwa muda ili kukata na kuunga, na ukuta wenyewe umelowa damu, laini, haushiki uzi.

Wapasuaji wa Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha mwaka 2000 uzoefu wao wa miaka 20. Walikuwa wamefanya operesheni 50 kwa wagonjwa 48, na hao hawakuwa wagonjwa wa wiki ya kwanza. Walikuwa wale ambao mshipa uligoma kupona, ukabaki umebanwa au umetuna. Katika operesheni 40 waliondoa kipande kibovu na kuweka mshipa wa vena. Mara tano ilibidi mshipa ufungwe kabisa, kwa sababu mchaniko ulikuwa umefika chini ya fuvu na hapakuwa na mahali pa kuunganisha. Mgonjwa mmoja alifariki, watano wakapata kiharusi kidogo, na zaidi ya nusu, asilimia 58, waliumia neva. Neva nyingi hupona kwa muda, lakini mwambie dereva kwamba atakaa miezi na sauti ya mkwaruzo na kukabwa na maji anapokunywa, uone kama bado anautaka upasuaji wa "kuwa na uhakika". Na hapo ni mikono ya watu waliozoea. Kituo kikubwa kama hicho, miaka 20, wagonjwa 48: ujue ni kazi inayofanyika kwa nadra.

Ateri mbili za nyuma ya shingo, za vatebra, ndizo ngumu zaidi. Zinapita ndani ya matundu ya mifupa ya shingo yenyewe, kutoka pingili ya sita hadi ya kwanza. Kuzifikia kwa kisu ni kuvunja mfupa hatua kwa hatua. Kwa hizo karibu kila kitu, pale kinapohitajika, hufanyika kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa.

Ni lini basi tunaingia? Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo ingemhusu kaka yako, ni mashambulio kuendelea ingawa dawa anameza sawasawa, au sehemu ya ubongo kukosa damu kwa kuwa mshipa umebanwa mno na njia za akiba hazitoshi. Chini ya ubongo kuna pete ya mishipa, mduara wa Willis, inayoweza kuvusha damu kutoka upande wa pili. Kwa wengine pete hiyo imekamilika, kwa wengine kuna kipande chembamba au hakipo. Ndiyo maana watu wawili wenye picha inayofanana ya shingo, mmoja anatembea wodini na mwenzake amepooza.

Hapo chaguo la kwanza siku hizi ni stenti. Tunaingia kwa tundu dogo kwenye paja au kifundo cha mkono, katheta inapanda mpaka shingoni, waya mwembamba unapitishwa mahali palipobanwa, na neti ya chuma inafunguka na kuikandamiza bitana irudi ukutani. Ukisimuliwa hivyo unaona ni rahisi. Ugumu wake ni ule waya. Kwenye mshipa uliochanika kuna njia mbili, ya kweli na ya uongo, na kwenye picha zinakaa sambamba. Waya ukiingia njia ya uongo na stenti ikafunguliwa humo, umeifunga njia ya kweli kwa mkono wako mwenyewe. Kusukuma vifaa penye bonge bichi kunaweza pia kulimegua likaenda kichwani. Na stenti ikishawekwa, aspirini na klopidogreli pamoja si hiari tena kwa miezi kadhaa. Mtu akiziacha kwa kuwa zimeisha na mshahara haujatoka, chuma kinaziba. Kwa hiyo stenti haimtoi mgonjwa kwenye vidonge, inamfunga navyo zaidi.

Sababu nyingine ni mshipa kutuna. Tabaka la nje likidhoofika, hutokea kifuko pembeni. Kwenye ripoti wataandika anurizimu, na neno hilo likifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, usiku huo hakuna anayelala. Vifuko vya shingoni vinavyotokana na mchaniko mara nyingi hutulia, vingine hupotea, na kupasuka kwake ni jambo adimu. Tunavifuatilia. Tunaingilia kikizidi kukua, kikibana neva au koo, au kikiendelea kutuma mabonge licha ya dawa. Hapo huwekwa stenti iliyovikwa kitambaa, au neti yenye matundu madogo sana inayoelekeza damu iendelee na njia yake mpaka kifuko kikaganda, na mara chache kisu.

Kuna hali moja ambayo kila kitu nilichosema hapo juu hugeuka. Ni pale mchaniko unapopanda mpaka ndani ya fuvu, hasa kwenye ateri za nyuma. Mshipa ukishaingia kichwani ukuta wake huwa mwembamba zaidi, na ukichanika unaweza kutoboka nje na kumwaga damu kuzunguka ubongo. Mgonjwa hupata maumivu ya kichwa ya ghafla ambayo hajawahi kuyaona maishani. Huyo hapewi warfarini. Huyo anahitaji mshipa uzibwe kwa koili, vijiwaya laini vya chuma, au uwekewe neti haraka, kwani damu hiyo hurudia kumwagika na kuua.

Majeraha nayo yana sheria zake. Mtu aliyechomwa kisu au kukatwa panga shingoni, damu inaruka au uvimbe unakua ukiutazama, haendi CT; anakwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Wa ajali ya bodaboda au wa mkanda wa gari uliomkaba hawana kidonda, na mshipa wao huweza kuwa umechanika kimya kimya. Tunapanga ukubwa wa jeraha kwa ngazi tano zilizotungwa Denver, Marekani, mwaka 1999: ya kwanza ni mkwaruzo usiobana hata robo ya njia, ya tano ni mshipa uliokatika na kuvuja. Ya tano ni dharura ya kisu au katheta. Ya nne, mshipa ulioziba wote, kwa kawaida tunauacha na kutoa dawa, jambo ambalo ndugu wa wagonjwa hulipokea kwa shida sana. Kuuzibua mshipa uliokwisha kufa kimya ni kulifungulia mlango bonge lote liende juu.

Upo pia upasuaji wa kupitisha damu njia ya pembeni: ateri ya ngozi ya kichwa, ile unayoisikia ikidunda mbele ya sikio, inaungwa na ateri ya ubongo kupitia tundu kwenye fuvu. Yaşargil aliufanya Zürich mwaka 1967. Ni kazi ya darubini na ya vituo vichache, na leo humfikia mgonjwa wa mchaniko mara chache sana, pale ubongo una njaa ya damu na stenti haiwezekani.

Turudi India. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kipya. Kumtoa mgonjwa wodini katika wiki hizo, safari ya saa nyingi, dozi kurukwa uwanja wa ndege, kisha kuanza upya na timu isiyomjua, kwa tiba ambayo huenda wakimwona tu watasema endeleeni na vidonge, mimi sioni faida yake. Picha ndizo zisafiri. Ombeni CD yenye picha zenyewe za CT, si karatasi ya ripoti peke yake, na ziangaliwe na bingwa mwingine. Kazi za katheta kwenye mishipa ya ubongo na shingo zinafanyika siku hizi MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na Nairobi pia. Ikitokea moja ya zile sababu nilizotaja, rufaa ya kwanza iwe huko. Ukifika wakati wa kuvuka bahari, mtavuka mkijua mnafuata nini.

Kuhusu kijana wa saluni, najua hasira mliyo nayo. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunahusishwa na michaniko hii, zaidi ile ya ateri za nyuma. Lakini wapo wanaokwenda kukandwa kwa sababu shingo imeshaanza kuuma, na inauma kwa kuwa mshipa umeshachanika. Kikohozi kikali, kutapika, kunyanyua mzigo, au kugeuza kichwa ghafla barabarani vinatosha kwa mtu mwenye ukuta dhaifu. Muulizeni kaka yako kama shingo ilikuwa inamuuma kabla hajakaa kwenye kiti. Hata hivyo, kile kitendo cha kuliza shingo kiachwe, na yeye asizungushwe shingo tena na mtu yeyote, awe kinyozi au mtaalamu wa kuchua mwenye cheti.

Udhaifu wa ukuta wenyewe uchunguzwe. Kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana kwa mshipa kupasuka, au kaka yako huvilia damu kwa kuguswa tu na ngozi yake ni nyembamba ya kuonyesha mishipa, mwambieni daktari mapema. Kuna ugonjwa wa kurithi, Ehlers-Danlos ya mishipa, ambao mishipa huchanika hata kwa katheta. Kwa mgonjwa huyo hata stenti tunaifikiria mara tatu.

Akiwa bado anauguza shingo, dawa ya maumivu iwe paracetamol. Diclofenac na ibuprofen za duka la dawa, juu ya aspirini na klopidogreli, zinaweza kumtoboa tumbo. Asibebe tairi, asisukume gari, shingo isichuliwe kwa mafuta yoyote. Shinikizo la damu lipimwe na lidhibitiwe, sigara aache. Lori asiendeshe mpaka picha ya marudio imeonekana na daktari wake ameridhika. Akipata shambulio kama lile akiwa mteremko wa Sekenke, hataumia peke yake. Picha hiyo ya marudio, miezi mitatu hadi sita kutoka sasa, ndiyo itakayoamua dawa ziendelee au zipunguzwe. Ikionyesha mshipa umeziba wote lakini yeye yu mzima, msikimbilie kuuzibua.

Na tangu leo, mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukilegea, maneno yakipotea, hata kwa dakika tano, mwiteni nesi papo hapo. Akiwa nyumbani, apelekwe hospitali yenye CT bila kusubiri kupambazuke. Dawa ya kuyeyusha bonge ina dirisha la saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mchaniko wa shingo haumzuii kuipata. Bonge likiwa kubwa, linaweza kuvutwa kwa katheta pale penye huduma hiyo.

Kesho daktari akipita raundi, muulizeni mambo matatu: mshipa umebanwa kiasi gani na kuna bonge linaloonekana ndani yake, mchaniko umeishia wapi, shingoni au umeingia fuvuni, na ile klopidogreli itasimama tarehe ngapi. Yaandikeni majibu kwenye daftari lake la kliniki, pamoja na tarehe ya CT ya marudio.